Idara ya Meza Moja

Siku niliyosikia Inspekta anakuja kuangalia Idara ya Kiingereza nilikuwa na ndoo ya maji kichwani, na kwa vile habari hainikai tumboni, nilikimbia nayo mpaka bwenini kumwambia Ntinyari. Nilifika na nusu ndoo. Ntinyari alikuwa amelala chali kitandani na viatu vyake, saa kumi ya jioni. Ndivyo tulivyokuwa tunalala wote mwaka huo wa hamsini na sita, mahali popote, kama kuku wagonjwa.

"Inspekta anakuja Alhamisi ya wiki ijayo," nikamwambia.

"Na maji?"

"Yalikuwa mengi. Sikia kwanza. Tukipita, idara yetu inaandikwa Nairobi, na sisi watatu tunapewa cheti cha kufundisha Kiingereza. Tusipopita inafungwa."

"Na sisi?"

"Tunarudi nyumbani bila kitu."

Akafumba macho tena. "Ninyi Waembu," akasema, "mnabeba habari vizuri kuliko maji."

Yeye anaweza kusema hivyo kwa sababu kwao ni hapa chini Kanyakine na baba yake yuko. Mimi kwetu ni Kianjokoma, na nikisema kwetu sisemi tena ile nyumba yetu yenye migomba. Nasema kijiji cha Imajensi, hii hali ya hatari, tulikohamishwa kwa nguvu, nyumba zimepangwa kwa laini, safu safu kama viazi, handaki imezunguka, na ndani ya handaki miti imechongwa ncha. Kila nyumba lazima itoe mtu mmoja na jembe asubuhi, na huyo mtu anarudi jua likizama. Kwetu mtu ni mama, peke yake. Baba walimchukua tangu hamsini na nne na hatujui amefika wapi. Mama ana mgongo mbaya. Nilipokwenda likizo alikuwa anashuka kitandani kwa magoti, kama mtoto anayejifunza. Hedimani, mkuu wa kijiji, alimwambia hivi: nyumba yenye mwalimu wa cheti haitoi mtu wa kazi ya lazima. Cheti, si barua ya kusema binti yuko chuoni. Cheti chenyewe, na muhuri.

Kwa hivyo unaweza kuelewa kwa nini maji yalimwagika.

Sasa hii idara. Ukiiona huwezi kuiogopa. Zamani Kiingereza kilikuwa kinafundishwa na bibi ya misheni, mzungu mwenye moyo mzuri sana, ambaye alikuwa anatusomea kitabu huku anafuma sweta, na akifika mahali pa kuhuzunisha anahesabu vitanzi. Hamsini na tatu, shida ilipoanza kabisa, alikwenda Nairobi kutibiwa meno, na hayo meno hayajapona mpaka leo. Mwaka mzima hatukuwa na mtu. Kwenye ratiba saa ya Kiingereza ilibaki pale pale imeandikwa, lakini ikifika tulikuwa tunachukua majembe kwenda kupalilia kahawa ya misheni. Kuna mwanafunzi mmoja wa Tigania alikuwa akisikia neno Kiingereza anaangalia viganja vyake.

Halafu akaja Mwalimu Salesio kutoka Kianjai, mtu mwembamba, koti moja, sauti ya chini. Wiki ya kwanza aliomba meza jikoni. Wakampa ile ya kukatia vitunguu. Akaiweka kwenye stoo ya vyombo vya bustani, akachukua ubao wa kasha la sabuni, akaandika kwa choki IDARA YA KIINGEREZA, akautundika mlangoni. Tulisimama tukiangalia.

"Mwalimu," Ntinyari akauliza, "idara ni meza?"

"Serikali nayo ilianza na hema," akajibu, akaingia ndani na majembe.

Tulikuwa kumi na mmoja. Wengine wakanyimwa pasi ya kusafiria kurudi baada ya likizo, wawili wakachukuliwa, mmoja akaolewa na karani wa mahakama. Tukabaki watatu: mimi Wawira, Ntinyari, na Ngari, kijana wa Mbeere chini kwenye ukame, ambaye kwa siku anasema maneno matano na yote ni ya maana. Mwalimu Salesio mwenyewe alikuwa amechoka kuliko sisi wote. Kila mwanamume wa hapa, awe mwalimu awe mchinjaji, ana zamu yake ya kulinda posti ya homgadi, wale walinzi wa serikali, halafu asubuhi anafika kazini kama kawaida. Alikuwa anaweza kulala amesimama, choki iko ubaoni, katikati ya neno. Tulijifunza kungoja. Akiamka anamalizia lile neno na hakosei herufi.

Kitu alichotufundisha sana ni andalio. Andalio ni daftari ambalo mwalimu anaandika somo lote kabla ya kuingia darasani: hatua ya kwanza, dakika ngapi, mimi nitasema nini, watoto watafanya nini. Na Kiingereza hakifundishwi kwa kutafsiri. Mwalimu anasema na kuonyesha, mtoto anafanya. Ukisema neno moja la Kimeru mbele ya Inspekta, umeanguka. Ukifanya kitu ambacho hakiko kwenye andalio, umeanguka pia, hata kama watoto wametoka pale wanaongea kama gavana.

Basi tukapika somo. Sitaficha, vyuo vyote vinapika. Unachukua lile darasa la shule ya mazoezi, unalifundisha somo lile lile siku nane, mpaka watoto wanajibu wakiwa usingizini, halafu Inspekta akija unalifundisha kama ni mara ya kwanza. Mwalimu alinichagua mimi kufundisha. "Una mdomo," akasema, "na hauchoki kuutumia." Tulipika vizuri mpaka tukaweka mtoto wa kukosea. Alikuwa anaitwa Ednah. Nikisema "Sit down" wote wanakaa isipokuwa Ednah, nami namsahihisha kwa upole, Inspekta anaona upole wangu. Shida ni kwamba Ednah alianza kupenda kazi yake. Siku ya sita alikuwa anakosea kila kitu na kuniangalia kama anadai sifa.

Alhamisi ikafika. Nilipiga pasi sketi yangu mara mbili. Saa mbili kasoro nikakuta Mwalimu ameketi kwenye ngazi ya darasa, na darasa liko tupu.

"Watoto wako wapi, Mwalimu?"

"Daraja limebebwa na maji. Chifu ametoa watu wote wa upande wa chini kubeba mawe, na watoto wao."

"Na Ednah?"

"Hata Ednah."

Chini barabarani tukaona vumbi la Landrova. Ntinyari akasema polepole, "Hiyo siyo lori la kahawa." Mwalimu alikaa vile vile, mikono kati ya magoti. Nilimwona ni kama mtu ambaye amefika mwisho wa kuchoka na amekuta kuna mlima mwingine.

Ngari ndiye aliyesema. "Kijiji cha juu wana watoto."

"Hao hawana shule," nikamwambia. Shule yao ilichomwa hamsini na tatu. "Hawajui hata neno moja."

"Ni watoto," Ngari akasema, na hayo yalikuwa maneno yake ya siku hiyo. Akapanda mlima mbio.

Inspekta tulimkawiza kwa chai. Alikuwa mzungu mrefu mwenye macho mekundu, ametoka kukagua vyuo vitatu wiki hiyo, na kwa ile namna alivyokunja miguu kwenye kiti cha nyuma ya darasa nilijua hata yeye angependa kulala. Mwalimu Salesio akasimama ukutani. Wakaingia watoto wa Ngari, arobaini na mmoja, miaka saba hivi mpaka kumi, wengine wamevaa gunia. Waliingia bila kelele yoyote. Mimi nikafikiri ni heshima.

Hatua ya kwanza, salamu, dakika mbili. "Good morning, children."

Nikatabasamu, nikasema tena. Macho themanini na mawili yananiangalia kifuani, hakuna hata moja linaloniangalia usoni. Nyuma nikasikia Inspekta anapindua ukurasa.

Hatua ya pili, amri. Unasema na kuinua mkono ili waelewe. Nikasema, "Stand up."

Mkono wangu haujainuka, wote wamesimama. Wote, kwa pamoja, kama mtu mmoja. Sijawahi kuona. Watoto niliowapika siku nane hawakuwahi kusimama hivyo.

"Sit down."

Wakaenda chini. Lakini hawakukaa kwenye benchi. Walichuchumaa kati ya mabenchi, wamejipanga safu, magoti yamebana, mikono juu ya kichwa, wanaangalia sakafu.

"Very good," Inspekta akasema kwa sauti ndogo. Alikuwa nyuma yao, na benchi zilimzuia kuona yote. Akamgeukia Mwalimu. "Wamesoma muda gani hawa?"

Mwalimu akabandua mgongo ukutani. Alikuwa ameamka. Mwaka mzima sijawahi kumwona ameamka namna ile.

Ningependa kusema nilielewa pale pale. Sivyo. Kitu cha kwanza kuingia kichwani ni furaha; niliona cheti, nikaona mpaka muhuri. Halafu nikamwona kasichana kadogo ka safu ya mbele. Vidole vyake alikuwa amevifunga, kimoja ndani ya kingine, juu ya kisogo, na viwiko amevitupa nje. Hakuna mtoto anayejitungia hicho. Unafunzwa, ili waone huna kitu mkononi. Mama yangu nimemwona amechuchumaa hivyo asubuhi nzima, wakati askari wa kizungu, wale tunaita majoni, wanapita kati ya laini kuhesabu watu na kugeuza vyungu.

Kumbe Kiingereza wanakijua. Wamefundishwa kwa ile ile njia yetu. Mwalimu anasema, mtoto anafanya.

Nikaangalia andalio langu. Hatua ya tatu, kuita mtoto mmoja mbele, dakika tano. Na kwa vile iliandikwa, na kwa vile kichwa changu kilikuwa kimesimama, nikasema: "Come here."

Yule mdogo akaja. Alikuja ameinama, mikono bado iko kichwani, akasimama hatua mbili mbele yangu, akashusha mkono mmoja tu, akaanza kufungua fundo la gunia lake begani ili nipekue.

Nilimshika mkono. Nikamfungia fundo. Sikujua nifanye nini. Kimeru siruhusiwi, Kiingereza ndicho hicho, na Inspekta alikuwa ameinuka kwenye kiti kwa sababu sasa alikuwa anaona. Ningeweza kwenda hatua ya nne, "Open the door," iko kwenye daftari, na pengine wangefungua mlango vizuri sana, na pengine angeandika alama.

Nilichuchumaa. Pale mbele, na sketi yangu ya kupigwa pasi. Nikaweka mikono kichwani. Nikamwonyesha yule mdogo kwa kidevu: "You, teacher. Me, child."

Magoti yalianza kuniuma. Halafu nyuma huko mtu akasema kama anakohoa, "Stand up."

Nikasimama.

Nikasikia wanavuta pumzi. "Sit down," mwingine akasema. Nikashuka. "Stand up." Nikapanda. Wakaanza kuangaliana. Mikono ilianza kushuka kichwani mmoja mmoja, kwa wizi. "Quick!" "Move!" "Shut up!" na mimi sijasema lolote. Walikuwa na Kiingereza kingi, na sauti zake wamezishika kabisa, ile ya puani na ile ya kubweka, na kulikuwa na neno moja mvulana alilisema wazi kabisa ambalo halijaandikwa kwenye kamusi ya chuo. Nilitii yote. Wakacheka kidogo. Mimi pia nikacheka, mimi hucheka mahali pabaya, hata mazishini.

Yule mdogo hakucheka. Alinisogelea, akanyoosha kiganja. "Paper."

Nikatoa pasi yangu ndani ya sweta. Haitoki hapo, hata nikioga naifunga kwenye taulo. Aliishika juu chini. Akaiangalia muda ule ule wanaouchukua majoni, muda mrefu mpaka unaanza kujiuliza kama kweli wewe ni wewe. Akaniangalia usoni. Akaangalia karatasi. Ilikuwa ni mtoto wa miaka saba aliyevaa gunia, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupanga majibu ya natoka wapi na nakwenda wapi.

"Go," akasema, akanirudishia.

Nikaenda. Nilitoka nje ya mlango kabisa, nikasimama kwenye majani.

Inspekta na Mwalimu walinikuta pale. Inspekta alikuwa ameshika kofia yake, uso wake umekuwa wa rangi ya uji. Akamwuliza Mwalimu, "Hayo nani aliwafundisha?"

"Idara ingine, bwana," Mwalimu Salesio akasema.

Inspekta akaangalia kilima. Aliangalia sana, na pale hakuna kitu ila kile kijiji na moshi wake. Mwishowe akasema, "Nipe andalio." Nikampa. Akapitisha kidole. "Ulichofanya hakiko humu."

"Hapana, bwana."

"Siwezi kutia sahihi somo ambalo haliko kwenye daftari."

Nilijua imekwisha. Niliona mama anashuka kitandani kwa magoti, na sikulia, nilikuwa nimechoka sana, machozi ni kazi. Lakini hakuondoka. Aliingia kwenye stoo yetu, akaangalia ile meza, akanusa vitunguu, akaketi. Akatoa kalamu yake mwenyewe akaniwekea juu ya daftari. "Basi andika," akasema. "Ulichofanya. Na dakika zake."

Nikaandika nimesimama, kwenye ukurasa mpya. Hatua ya nne: watoto wanatoa amri na mwalimu anatii. Dakika kumi. Hatua ya tano: mtoto anadai pasi ya mwalimu na kuikagua. Dakika mbili.

Akasoma. Hatua ya nne akaiwekea alama ya vema. Akafika hatua ya tano akakaa. Kisha akavuta rula ya Mwalimu, akailaza vizuri, akapiga mstari juu ya hatua ya tano. Mstari ulionyooka kabisa. Aliinua macho akaniangalia mimi, si Mwalimu, na kalamu ilikuwa bado haijafika mahali pa sahihi.

Nikaelewa ananiuliza kama nakubali.

Mwalimu Salesio alikuwa mlangoni. Najua angetaka niseme nini, au nafikiri najua. Hakunisaidia.

"Ni sawa, bwana," nikasema. Nilisema upesi.

Akatia sahihi. Landrova ikashuka. Watoto walikuwa wamesharudi juu na Ngari, na mimi sikuwaaga.

"Tumepita?" Ntinyari akauliza.

"Tumepita."

"Mbona husemi? Wewe? Habari kama hii?"

"Imepigwa mstari," nikamwambia, na alifikiri nina homa, akaenda kunitafutia maji. Mwalimu aliketi kwenye meza akalifungua lile daftari, akasoma ukurasa wote, hata pale palipokatwa, kwa sababu wino wa Inspekta ulikuwa mwepesi na maneno yangu yanasomeka chini yake vizuri tu. "Idara imeandikwa," akasema. Sikujua kama ni furaha. Alikuwa analala tayari.

Cheti kilikuja baada ya wiki tano. Nilikituma kwa hedimani na mtu wa posta, kikarudi na alama ya kidole gumba. Mama hachimbi tena. Amenitumia salamu kwamba siku mbili za kwanza alilala tu, na ya tatu aliamka gizani akaanza kutafuta jembe, mpaka jirani akamrudisha ndani. Mgongo bado.

Na mimi wamenipeleka kijiji cha juu. Wamejenga banda la nyasi, ndiyo shule, na mimi ndiye mwalimu wa kwanza. Nimewapata wale wale. Nimeanza Jumatatu, na amri sijatumia hata moja, ingawa silabasi inaanza na amri. Nikafikiri nitaanza na majina, ni rahisi, huwezi kukosea jina lako. Nikajionyesha kifuani, "My name is Wawira," nikamnyooshea mkono mvulana wa kwanza kwa upole wangu wote.

"Laini ya pili, namba saba," akasema.

Mwingine: "Laini ya nne, namba moja." Wakaendelea hivyo hivyo benchi zima, wananyoosha shingo, vile wanavyojibu hesabu ya asubuhi. Sikuwakatiza. Nilisema tena jina langu, na kesho yake tena, na Jumatano mvua ilinyesha nikalisema kwa kupiga kelele juu ya mvua. Alhamisi mtoto mmoja akasema Karimi, halafu akatazama mlangoni.

Leo ni Ijumaa. Watoto ni arobaini na mmoja. Nina majina kumi na manane kwenye rejista, na yaliyobaki nimeyaachia nafasi.